Siku Barabara ya Zhanqian Ilipofungwa

Juzi nilikuwa nafungua boksi la viatu vya shule vya mwanangu. Ile karatasi ya ndani ikachakarika, harufu ya gundi na nailoni mpya ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa chini. Sikukaa kwenye kiti. Nilikaa sakafuni, palepale mlangoni, na mtoto ananitazama kama nimechanganyikiwa. Akaniuliza, mama vipi? Nikamwambia hamna kitu, jaribu viatu. Halafu nikasonya, maana hilo "hamna kitu" ndilo neno niliapa mtoto wangu hatalisikia kinywani mwangu.

Nyie wa rika langu mtanielewa. Sisi tulilelewa na watu waliotupenda sana na wasiotuambia kitu. Mgeni akiingia na uso mzito, unatumwa dukani. Simu ikilia, sauti inashushwa. Unajifunza kusoma mambo kwa macho: nani kavaa nini, nani kakaa wapi, chakula kimeanza kwa nani. Nilikuwa hodari wa kusoma hivyo, sijivuni. Nilijua mimba za shangazi zangu kabla ya waume zao. Ila kusoma kwa macho bila kuambiwa kuna siku kunakupeleka pabaya, na mimi kulinipeleka pabaya katikati ya mji wa watu, mchana kweupe.

Baba yangu alikuwa mtu wa Guangzhou. Sisemi alikuwa Mchina, alikuwa Mzaramo wa Ilala kama wengine, ila alikuwa akifunga mzigo kule, nguo za watoto, anauleta Kariakoo. Kwetu ukiuliza baba yuko wapi unajibiwa kasafiri, na mara nyingi ilikuwa kweli. Anaondoka, anakaa, anarudi na begi lenye harufu hiyohiyo ya nailoni, tunalirukia kabla hajavua viatu.

Halafu siku moja nilitolewa darasani kabla ya kengele, nikapandishwa gari na sare yangu ya shule, nikapelekwa Morogoro kwa shangazi. Shangazi aliponiona hakunisalimu. Alivua kanga yake ya juu akanifunika nayo, na joto lote lile. Nikakalishwa katikati ya wanawake. Chakula kilipokuja, mnofu wa kwanza nikapewa mimi, kabla hata ya mume wake, jambo ambalo katika nyumba ile halijawahi kutokea. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Nikauliza baba yuko wapi. Akaniambia, "Yupo, anakuja."

Hakuja. Niliporudi Dar nilimkuta mama ndani, kavaa gauni moja la kijivu, hatoki hata kibarazani, hana wanja wala hina, na viatu vya baba pale mlangoni havipo. Bibi akasema baba kasafiri, mama akageukia ukutani. Siku nyingine madrasa, msichana mmoja mwenye mdomo aliniambia baba yangu kafa. Tulipigana mpaka ustadhi akatuachanisha kwa bakora. Nyumbani nikaulizwa nimefanyaje shavuni, nikasema nimeanguka, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nilijua, na sikujua. Kama hujawahi kuwa mtoto wa namna hiyo siwezi kukueleza. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kimoja tu: ukifunikwa kanga, ukapewa mnofu wa kwanza, ukaambiwa yupo anakuja, mtu huyo humuoni tena.

Mama alipomaliza eda alitangaza kwamba anakwenda Guangzhou mwenyewe. Ndugu walikaa kikao, wakasema mjane mbichi hasafiri peke yake nchi ya mbali, biashara ishikwe na baba mdogo. Mama yangu, Rehema, ni mtu wa kusema kidogo na kutosikia kabisa. Akawapikia, wakala, wakaondoka, akaenda kukata tiketi. Mimi nililia mpaka nikatapika. Alidhani nalia kwa kuachwa, akanikatia na mimi. Kumbe nilikuwa nalia kwa sababu wote walisema baba kasafiri, na baba safari yake ni moja, na yeye mama anamfuata peke yake.

Basi tukatua uwanja wa ndege wa Baiyun, tukaingia treni ya chini ya ardhi, mimi nimeshika mkono wa begi na macho yangu yote yako kwa wanaume. Tulipata chumba pamoja na Mama Clarisse, Mkongomani wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuamsha jengo. Alikuwa akisali kwa Kifaransa asubuhi huku mama akisali upande wa pili wa kitanda, na hawakuwahi kugombana ila kuhusu chumvi. Ndiye aliyetufundisha njia za Zhanqian, mtaa wa majengo ya nguo jirani na stesheni, ghorofa juu ya ghorofa, kila chumba duka.

Nikifumba macho bado nausikia mtaa ule. Selotepu inavutwa kwenye maboksi asubuhi hadi jioni, krrraa, krrraa, kila upande. Vigari vya kukokota mzigo vinakugonga visigino. Harufu ya rangi ya kitambaa, ya tambi, ya sigara, na juu ya zote hiyo ya nailoni, ambayo kwangu ilikuwa harufu ya baba. Mnaona shida ilipokuwa. Mji mzima ulinukia baba. Kila mwanamume mweusi mwenye kisogo kipana nilimfuata. Siku moja nilimfuata mmoja mpaka kwenye lifti, akageuka, kumbe ni mtu wa Afrika Magharibi mwenye makovu mashavuni. Akacheka, akanipa jojo, akanirudisha kwa mama. Nililitafuna jojo lile kwa hasira.

Duka tulilokuwa tukinunua lilikuwa la mwanamke mwembamba, asiyecheka, mwenye mkasi umening'inia shingoni. Tulimwita Laoban tu, maana kule kila mwenye duka ni laoban, yaani bosi. Alikuwa amefanya biashara na baba miaka. Siku ya kwanza aliuliza kwa ishara mume yuko wapi. Mama akamwonyesha picha ya baba kwenye simu, akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho. Laoban akaweka mkasi chini. Halafu akanimenyea chungwa, akanilisha pande kwa pande kama mtoto mchanga. Mimi nilielewa vizuri kabisa. Baba amelala. Yuko chumba fulani huko juu, kachoka na mzigo, akiamka atashuka. Chungwa lile lilikuwa tamu, sijapata kula jingine kama hilo.

Sasa niwaambie jambo la pasipoti, maana bila hilo hamtaelewa. Viza ikikaribia kuisha unampa ejenti pasipoti aipeleke kuongezewa muda, wewe unabaki na fotokopi. Karibu kila mtu alikuwa akipitia hapo. Majuma yale ukaguzi ulikuwa umezidi. Filimbi inalia, watu wanakimbia, milango ya bati inashushwa, na mwenye fotokopi ana bahati yake siku hiyo. Wapo waliokuwa wamechukuliwa wakarudi. Alikuwapo mmoja ambaye hakurudi chumbani, alipandishwa ndege na nguo alizovaa. Watu walikuwa wamechoka. Hilo nalijua leo, siku ile sikulijua.

Asubuhi yenyewe mama alikuwa akibishana na Laoban juu ya vifungo vya makoti ya watoto, anavivuta kimoja kimoja kwa meno. Filimbi ikalia karibu mno. Laoban alinishika shingoni akanisukuma chini ya meza, nyuma ya robota la makoti, akaangusha kitambaa mbele yangu. Nikabaki naona miguu. Viatu vyeusi viliingia, vinang'aa, vingi. Nikamsikia mama akieleza kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba pasipoti iko kwa ejenti, kopi hii hapa. Wakauliza jambo, Laoban akajibu, "Meiyou, meiyou," lile neno la sokoni la kwamba hakuna, bidhaa hiyo haipo. Walikuwa wakiuliza kama kuna mgeni mwingine. Ndala za mama zikageuka. Zikapita mbele ya meza, karibu ningeweza kuzigusa, na mama hakuinama, hakusita, hakutupa hata jicho.

Leo na mimi ni mama, najua nguvu aliyoitumia kutoangalia pale chini. Kwa macho ya wakati ule, mama yangu aliondoka bila kuniaga.

Laoban alinitoa baada ya muda mrefu. Alinishika kifundo cha mkono tukashuka ngazi za nyuma, zile za mzigo, yeye mbele, mimi nateleza kwenye nailoni zilizotupwa. Alifungua mlango wa chini, jua likanipiga usoni, na kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa kimya. Zhanqian hakuna kimya. Hakuna honi, hakuna selotepu, hakuna vigari. Nikafikiri nimezibwa masikio. Halafu macho yakazoea mwanga, nikaona barabara.

Barabara yote ilikuwa imekaliwa na watu. Watu weusi, wetu, watu niliowaona kila siku wakikimbia, leo wamekaa chini juu ya lami, kutoka ukingo hadi ukingo, na mabasi na malori yamesimama nyuma yao hadi macho yanapoishia. Maboksi yamebomolewa yakatandazwa. Wanawake wako mbele, wamejifunika vichwa kwa vitenge na mitandio, wanaume wako nyuma. Hakuna aliyepiga kelele. Kwenye daraja la waenda kwa miguu Wachina wamejaa wameinua simu zao, nao kimya. Mlangoni pa kituo kidogo cha askari, pembeni ya jengo, kulikuwa na mstari wa watu wenye ngao.

Ninyi mngesema maandamano. Mimi nilikuwa sijawahi kuona maandamano. Kwetu Ilala barabara hufungwa kwa jambo moja. Mtu akifa, turubai linafungwa kutoka nyumba hii hadi ile, mikeka inashuka, wanawake huku, wanaume huku, wenye magari watajiju. Hata diwani akija na gari lake anageuza. Kwa hiyo nilipoiona Zhanqian imefungwa, watu wamekaa chini, wanawake wamejifunika, sikuwa na swali. Nikajua kuna msiba. Nikavuta mtandio wangu nikajifunika vizuri, maana nilikuwa nimefundishwa adabu.

Kilichotokea kweli, nilikuja kusimuliwa baadaye, ni kwamba Mama Clarisse alikutana na mama ngazini akiwa amezungukwa na askari. Aliwafuata mpaka kituoni akiuliza kosa la yule ni nini, mlango ukafungwa usoni pake. Alikuwa amebeba sampuli za viatu kwenye boksi. Akavimwaga viatu, akalipasua boksi, akalitandaza katikati ya barabara, akakaa. Peke yake, na mabasi yanampigia honi. Mwanamke mwingine akaja akakaa. Kisha wengine, na wengine, mpaka wanaume wakaona aibu. Bwana Suleiman, Mzanzibari aliyekaa Guangzhou miaka na anaongea Kichina kama wenyewe, ndiye aliyepita akiwasihi wasipige kelele, wasirushe hata chupa, na kubwa kuliko yote, asisimame mtu. Aliwaambia aliyekaa chini hana cha kushtakiwa, akisimama mmoja tu itakuwa habari nyingine. Halafu yeye akaenda mlangoni kuzungumza. Walichokuwa wakitaka kilikuwa kidogo: mtoeni Rehema.

Laoban alinikabidhi kwa Mama Clarisse, akarudi ndani haraka bila kutazama kushoto wala kulia. Na Mama Clarisse, yule wa kicheko, hakucheka. Alinivuta kifuani. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunika nacho.

Nikaikumbuka kanga ya shangazi.

Alinikalisha mbele kabisa, katikati ya wanawake. Mmoja akanishika mguu, mwingine akanifuta jasho kwa upindo wa nguo yake. Watu wakaja na chupa za maji na mikate ya kufungwa, wakavuka safu nzima ya watu wazima wenye kiu, wakanipa mimi wa kwanza. Nikaushika mkate. Sikuweza kuufungua. Nikawa nawatazama usoni mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikwepesha macho.

Kisha ukaja ule mfuko. Kijana mmoja alipita katikati ya watu na mfuko mweusi wa nailoni, na kila mtu akatia mkono kifuani, au mkobani, au ndani ya soksi, akatoa kitu akakitumbukiza bila kusema neno. Nyumbani huwa hivyohivyo: kijana anapita na beseni, watu wanatia rambirambi, beseni linawekwa miguuni kwa mfiwa. Kijana alipomaliza alikuja akauweka mfuko mbele yangu, miguuni pangu hasa. Zilikuwa pasipoti. Wote waliokuwa na pasipoti siku ile walizitoa, ili Bwana Suleiman akawaambie wale ndani, kama kosa ni karatasi basi chukueni karatasi zetu zote na sisi wenyewe, au mturudishie mwenzetu. Leo hii nikiwa uwanja wa ndege mkono wangu hauondoki kwenye mkoba wa pasipoti hata nikienda chooni. Nikikumbuka ule mfuko, watu waliokuwa hawajui hata jina kamili la mama yangu, mwili unanisisimka. Walizitia kama mtu anavyotia sarafu.

Lakini siku ile niliona rambirambi, na niliona imewekwa kwangu. Nikamgeukia Mama Clarisse nikamuuliza mama yuko wapi. Nilikuwa naomba Mungu anijibu lolote jingine. Aseme kakamatwa, aseme anapigwa, aseme hajui.

Akanipangusa uso kwa kiganja. "Mama iko, chérie," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Atakuya."

Alisema kweli. Masikini Mama Clarisse, yeye alisema kweli tupu, mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta ule, mzima wa afya, na alikuwa anakuja. Lakini mimi maneno hayo nilishayasikia Morogoro, chini ya kanga, mnofu uko mkononi. Nilijua kinachofuata.

Sauti iliyonitoka sikuitoa mimi. Niliwahi kuisikia mara moja tu, kwa bibi, mlango umefungwa. Nilipiga ukunga katikati ya kimya kile, nikajitupa chini juu ya maboksi, nikawa napiga lami kwa mikono. Nililia kwamba mama yangu kafa, wamemuua, mama yangu kafa. Mama Clarisse alijaribu kuniziba mdomo kwa mkono, nikamng'ata.

Hebu fikirini watu wale wamesikia nini. Mtoto wa Rehema katokea ndani ya jengo, watu wamemwona akitoka, na sasa anasema mama yake ameuawa. Nani atauliza kajuaje? Neno lilipita kwa Kiswahili, likaenda kwa Kifaransa, likageuzwa kwa lugha nyingine huko nyuma, na kila lilipopita watu walisimama. Wanawake wa Kikongo wakaanza kulia kwao, kule kulia kwa kujipiga kifua. Mwanamume mmoja alinyanyua kigari cha chuma juu ya kichwa chake. Wenye ngao wakasogea hatua mbele, wote kwa pamoja, na ule mshindo wa viatu nimewahi kuuota nikiwa mtu mzima na mume wangu akaniamsha. Mfuko ukapigwa teke, pasipoti zikamwagika, watu wakaanza kuzikanyaga. Mama Clarisse, damu inamtoka kidoleni pale nilipomng'ata, akalala kifudifudi juu ya pasipoti, akazikumbatia zote kwa mikono yake miwili. Mimi nikakanyagwa mguu, wala sikusikia maumivu. Nilikuwa nalia tu.

Bwana Suleiman alikuwa mlangoni. Wanasema alimshika mkubwa wa askari mkono, jambo ambalo halifanywi, akamwambia kwa Kichina, sikiliza mtoto yule, mtoeni mama yake wamwone kwa macho au leo tutazikana hapa. Sijui mkubwa yule alikuwa mtu wa namna gani, sikumwona sawasawa. Najua kwamba mlango ulifunguka.

Mama alitoka mbio. Mtandio hana, kichwa wazi, mama yangu ambaye hakuwahi kupita hata kibarazani kichwa wazi. Alikuwa amenisikia kupitia ukuta. Watu wakampisha, na wale waliokuwa wamesimama wakaanza kukaa, mmoja mmoja, kama wamekatwa miguu. Kile kigari cha chuma kikashushwa taratibu. Kimya kikarudi.

Alipiga magoti akanishika mabega. Sikumkumbatia. Nilimtazama. Nilimgusa shavu, nikamgusa shingo, nikamgusa mkono, wa moto, una jasho, unanuka sigara za watu wengine. Nyie, sijawahi kupata mshtuko kama ule, hata wa msiba hauufikii. Mtu akirudi kutoka huko ulikokwisha kumzika, unaogopa kwanza.

"Walisema upo, unakuja," nikamwambia.

"Nipo," akasema. "Si nimekuja? Mimi mzima, nishike."

Nikamshika. Nikamshika tena. Na kichwani mwangu, polepole, ule uhakika wangu wote ukaanza kugeuka. Nilikuwa nimefunikwa, nimepewa mkate wa kwanza, nimeambiwa iko atakuya, na amekuja kweli. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea. Kwa hiyo watu wazima hawakuwa wakidanganya. Furaha niliyoipata pale siwezi kuipima, ilinijaa mpaka nikaanza kucheka na machozi yanatoka. Nikageuka nikautazama mlango aliotokea yeye, bado uko wazi.

"Na baba je?" nikauliza. "Na yeye walisema yupo, anakuja. Anatokea hapohapo?"

Wanawake waliokuwa karibu, wale wa Kiswahili, niliona wakishika vinywa. Mama Clarisse aliinuka kutoka kwenye zile pasipoti, akanisogelea na uso wake wa huruma, akaanza kuniambia kwamba papa, chérie, papa naye... Mama akainua mkono kumzuia. Nadhani ndipo alipoelewa yote, kwa nini nililia kutaka safari, kwa nini nilikuwa nafuata watu kwenye lifti, na kilio kile alichokisikia kupitia ukuta kilikuwa kimetoka wapi.

"Baba hatoki," akasema. "Nisikilize mimi, mama yako. Baba alikufa. Aliugua ghafla, akafa, tukamzika wewe ukiwa Morogoro. Hayuko huku. Hayuko safarini. Amekufa, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoambiwa. Kwa mdomo wa mama yangu, kwa maneno yenyewe, juu ya boksi la viatu, nchi ya watu, askari wanatazama. Nikamwuliza mara nyingine kama amekufa kabisa. Akasema kabisa. Nikampiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na hakunizuia, aliacha nimpige mpaka nikachoka, kisha akakaa chini barabarani, akanyoosha miguu, akanilaza mapajani, akaanza kulia yeye. Alilia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

Watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Wametimiziwa walichotaka, wameokota pasipoti zao, wanakunja maboksi, kila mtu anataka kupotea kabla bahati haijageuka. Sikuona nani alianza. Nilisikia boksi likitandazwa tena karibu na kichwa changu, na mwanamke akikaa. Kisha jingine. Walirudi wakakaa, wanawake mbele na wanaume nyuma, wakajifunika tena vichwa. Bwana Suleiman alimwendea yule mkubwa wa askari, akamwambia maneno machache akionyesha upande wetu. Yule akatazama saa yake, akatutazama, akatazama mabasi. Halafu akawaambia wenye ngao warudi nyuma. Bwana Suleiman akaja, akakaa kwenye lami bila boksi, akainua mikono, akasoma dua kwa jina la baba yangu, alilomuuliza mama kwanza. Wakaitikia hata wasiojua dua, hata Mama Clarisse kwa ile yake ya Kifaransa.

Kisha wakaanza kupita mbele yangu kwa mstari, mmoja mmoja, wakiinama kunipa mkono.